MAJI TAHARA NA MAJI SALAMA

Darasa letu la safari hii ni juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu hukishika kwa mikono yake si chini ya mara tano kwa siku, nacho ni maji. Tumelichagua jambo hili kwa sababu tumesikia, si mara moja wala mbili, watu wenye akili zao wakisema kwamba kisima cha msikiti au cha uani hakina haja ya kupimwa, kwani maji yake ni maangavu, hayana harufu, ladha yake ni tamu, na fikihi imekwisha kutufunza kwamba maji ya sifa hiyo ni tahara. Maneno hayo nusu yake ni kweli. Nusu ya pili ndiyo inayoua watoto.

Tuanze na nusu iliyo kweli. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu wa pwani, maji yaliyofika kullatayni, nayo kwa hisabu ya wengi ni zaidi kidogo ya lita 200, hayawi najisi kwa kuingiwa na najisi mpaka ibadilike rangi yake, au ladha yake, au harufu yake. Na khabari ya kisima cha Budhaa huko Madina yajulikana na kila aliyekaa mbele ya mwalimu: Mtume (s.a.w.) aliulizwa juu ya kisima hicho, kwani palikuwa pakitupwa uchafu ndani yake, naye akayathibitishia maji yake utahara. Hukumu hii ni nyepesi, na wepesi wake ni rehema. Lakini yataka tutazame imekuja kwa kazi gani. Imekuja kwa ajili ya ibada. Yatujulisha ni maji gani yaondoayo hadathi na yaoshayo najisi. Haikuja kutwambia ni maji gani yaliyo na ugonjwa ndani yake.

Wala si sisi wa leo tuliozua kuyatenga mambo haya mawili. Vitabu vya madhehebu yetu vyataja kwamba katika nchi za joto ni makuruhu kutumia mwilini maji yaliyopata moto wa jua ndani ya chombo cha madini, na sababu iliyotajwa si najisi, bali ni kuchelea ugonjwa wa mbalanga. Imamu Nawawi hakuikubali dalili yake, na tabibu wa leo hataikubali pia. Sisi hapa hatuitazami hukumu yenyewe, twautazama mlango uliofunguliwa na hukumu hiyo: kwamba maji yaweza kuwa tahara kabisa na bado yakachukiwa kwa ajili ya afya ya mwili, na wa kuulizwa juu ya afya ya mwili ni mwenye elimu ya afya.

Basi jicho, ulimi na pua ni mashahidi watatu. Kadhi hamuulizi shahidi ila juu ya lile aliloliona. Aliyehudhuria mkataba wa nyumba haulizwi juu ya mpaka wa shamba. Mashahidi wetu hawa ni waadilifu, ila yako mengi katika maji wasiyoyaona, na mwenye kuwalazimisha kuyashuhudia hudhulumu nafsi yake na watu wa nyumba yake.

Mwaka 1854 mtaa wa Soho, katika mji wa London, uliingiwa na kipindupindu, wakafa watu zaidi ya 600 kwa muda wa wiki chache. Daktari mmoja, John Snow, akawa akienda nyumba kwa nyumba kuuliza kila aliyekufa alikuwa akinywa maji ya wapi, na majibu yakamrudisha kwenye bomba moja la kisima katika njia iitwayo Broad Street. Na maji ya bomba hilo yalikuwa yakisifiwa. Palikuwa na bibi mmoja mjane aliyekwisha kuhamia Hampstead, mwendo wa mbali na mtaa ule, naye kwa kuyapenda maji yale alikuwa akiletewa chupa yake kwa gari. Huko Hampstead hapakuwa na kipindupindu. Bibi yule akanywa, akafa. Na mpwa wake aliyekuja kumtazama akanywa, akarudi kwao Islington, akafa pia. Kisima kilipokuja kuchunguzwa vyema, palionekana shimo la uchafu la nyumba ya jirani ambalo matofali yake yamelegea, na kati ya shimo na kisima haikupata hata mita moja. Ulimi wa bibi yule ulishuhudia kwamba maji ni matamu, na ulisema kweli.

Wala tusiseme hayo ni ya Wazungu. Kipindupindu kiliingia Unguja mwaka 1858, kikarudi tena 1869, hata daktari James Christie, aliyekuwa huko, akakitungia kitabu kizima kilichopigwa chapa mwaka 1876. Na katika zama zetu hizi, kuanzia Oktoba 2022 na mwaka mzima uliofuata, ugonjwa huo huo ulitembea katika kaunti nyingi za Kenya.

Je, tutampata wapi shahidi wa jambo hili? Vijidudu vya maradhi ya maji ni vya namna nyingi: vya kipindupindu, vya homa ya matumbo, vya kuhara damu, na vingine vilivyo vidogo kuliko hivyo. Kuvitafuta kimoja kimoja ni kazi ndefu na yenye gharama, tena huenda leo vimo na kesho havimo. Wataalamu wakaona ni kheri kuacha kumtafuta mwizi, wakatafuta nyayo zake. Mwaka 1885 daktari wa Kijerumani, Theodor Escherich, alieleza juu ya kijidudu alichokiona katika choo cha watoto wachanga. Siku hizi chaitwa koli. Koli hukaa ndani ya matumbo ya watu wote, wazima na wagonjwa, na ya wanyama wenye damu moto, na aina zake nyingi hazina dhara. Faida yake kwetu ni kwamba hutoka kwa mamilioni pamoja na kinyesi. Yakionekana maji yana koli, jua kwamba kinyesi kimeyafikia, na mlango alimopita koli waweza kupita ugonjwa.

Namna ya kumpima ni nyepesi kueleza. Huchukuliwa mililita 100 za maji, yaani kama nusu ya gilasi, yakachujwa katika karatasi maalumu ambayo matundu yake ni membamba hata kijidudu hakipiti. Karatasi hiyo huwekwa juu ya chakula cha vijidudu, ikatiwa katika sanduku lenye joto la nyuzi 44 kwa muda wa siku moja. Kila koli mmoja aliyenaswa huzaa mpaka akawa doa linaloonekana kwa macho, na madoa huhisabiwa. Shirika la Afya Duniani lasema maji ya kunywa yasionekane koli hata mmoja katika mililita hizo 100. Hawakusema wachache wala kiasi.

Hata hivyo na koli naye ana mipaka yake. Yeye hufa upesi kwa klorini, na wako wengine wasiokufa upesi kama yeye. Mwaka 1993 mji wa Milwaukee, Marekani, ulipata maradhi ya tumbo kutoka katika maji ya mfereji yaliyokwisha kutiwa dawa, wakaugua watu wanaokisiwa 400,000, na aliyewaugua ni kijidudu chenye gamba ambacho klorini ilimpitia tu. Basi kumkosa koli hupunguza khofu, na kumpata huthibitisha khatari. Mambo hayo mawili si sawa.

Hapa twataka kusimama kidogo kwenye mabirika yetu, maana tumeletewa hoja. Wazee wetu, na khasa watu wa Lamu, walikuwa wakitia samaki wadogo ndani ya birika wale viluwiluwi vya mbu, na katika baadhi ya majumba yao ya mawe walijengea mabakuli ya kaure chini ya sakafu ya birika, ili maji yakipunguka samaki wabaki na mahali pa kukaa. Ni hekima ambayo haikufunzwa na mtu wa nje, nayo yafaa hata leo. Watu wakazoea kusema: maadamu samaki wazima, maji mazima. Twajibu kwamba samaki ni shahidi mwema, ila aulizwe analolijua. Samaki haugui kipindupindu wala homa ya matumbo. Atakaa katika maji yenye koli kwa maelfu akicheza. Analolijua yeye ni sumu na pumzi. Mtu akimwaga dawa ya wadudu au sabuni kali katika birika, samaki atasema kabla ya mtu yeyote. Mjini Warsaw, Poland, watu wa mfereji wamewafanya kome wanane kuwa walinzi wa maji ya mji: kila mmoja amefungiwa chombo kidogo kwenye gamba lake, na wakifumba magamba yao kwa pamoja, khabari hufika papo hapo kwa wenye kuendesha mitambo. Kwa koli, hata hivyo, Warsaw nayo hupima koli.

Na hapo tulipotaja pumzi, yafaa tueleze, kwani ndiyo asili ya elimu hii yote ya kuwatazama viumbe. Samaki na wadudu wengi wa majini hupumua hewa iliyoyeyuka ndani ya maji, nayo ni kidogo sana. Lita moja ya maji baridi kama barafu huchukua miligramu 14 na nusu hivi za oksijeni. Ikifika joto la nyuzi 20 huchukua 9. Na kwa nyuzi 30, ambalo si joto geni kwetu, huchukua 7 na nusu tu. Uchafu ukiingia, vijidudu vinavyouozesha hula oksijeni hiyo, na wakaazi wengine wa maji wakakosa pumzi. Ndiyo sababu shehena moja ya uchafu ikimwagwa katika mto wa nchi ya baridi na katika hori la nchi ya joto, hori ndilo litakalonuka kwanza. Mwaka 1888 Mhangari Lajos Winkler alitoa njia ya kuipima oksijeni kwa dawa, na mwaka 1912 tume ya serikali ya Uingereza ikaweka kipimo cha uchafu kwa kutazama maji yatakula oksijeni kiasi gani yakifungiwa siku tano. Kipimo hicho cha siku tano chatumika mpaka leo duniani kote.

Lakini chupa ina upungufu wake. Chupa hushuhudia saa ile iliyojazwa. Mwenye kiwanda akimwaga taka zake usiku wa manane, na mpimaji akaja saa nne asubuhi, atachukua maji mazuri na kuandika kwamba mto ni mzuri. Mdudu aliyekaa chini ya jiwe la mto ule kwa miezi hakuondoka usiku ule. Ama amekufa, ama amebaki. Na kufa kwake au kubaki kwake ni ushahidi wa siku zote alizokaa.

Wajerumani wawili, Kolkwitz na Marsson, ndio walioanza kuipanga elimu hii mwanzoni mwa karne ya 20, wakataja viumbe vya maji machafu kabisa, vya maji yanayopata nafuu, na vya maji safi. Wako wadudu wa mtoni wenye mikia mitatu myembamba kama nyuzi na mashavu ya kupumulia yanayopepea ubavuni. Wakikua huruka siku moja mbili kisha hufa. Hao hawavumilii uchafu. Mto ukiwa nao wa namna nyingi, ni kheri. Kisha wako watoto wa kereng'ende, ambao hustahimili kiasi. Mwisho wako funza wekundu na nyungunyungu wembamba wa topeni, na wekundu wao ni wa damu inayoishika hewa hata ikiwa haba, kwa hiyo huishi pale wenzao waliposhindwa. Mahali penye hao peke yao, tena kwa wingi, pameharibika. Waingereza waliwapa maksi: yule asiyevumilia hupata 10, nyungunyungu hupata 1, na mto huhukumiwa kwa maksi za wakaazi wake. Afrika Kusini walitengeneza hisabu yao tangu 1972, na Tanzania nayo imekwisha kutengenezewa ya mito yake, kwani wadudu wa kwetu si wadudu wa Ulaya.

Mashahidi hawa nao yataka wachujwe. Kambare akionekana mzima katika mtaro unaonuka, hilo si dalili ya kheri, kwa sababu kambare hupanda juu akavuta hewa ya mbinguni. Viluwiluwi vya mbu ni kadhalika: hupumua kwa kijibomba kilichotokeza juu ya maji, na ndiyo maana hujaa katika mashimo ya vyoo. Viumbe hao hawana khabari ya pumzi ya maji, kwa hivyo hawaulizwi. Tena mto uliopitiwa na gharika jana hukosa wadudu bila ya kosa la mtu. Mpimaji mwenye akili hulinganisha mahali pa chini ya mfereji wa taka na mahali pa juu yake, penye mawe ya namna moja na mbio za maji za namna moja.

Msomaji wa Mombasa au Malindi aweza kusema: sisi na mito wapi? Atazame mfereji wake unatoka wapi. Sehemu ya maji ya miji yetu hutoka katika visima vya Baricho, kando ya mto Sabaki. Na Sabaki ndio huo huo Galana, na Galana ni Athi uliokwisha kuungana na Tsavo, na Athi hupokea mto wa Nairobi pamoja na yote yaliyotupwa ndani yake na mji mkubwa. Mchanga wa Baricho huchuja, na dawa hutiwa, alhamdulillahi. Lakini anayedhani kwamba funza mwekundu wa Nairobi hamhusu, hajautazama mto mpaka mwisho wake. Kwa upande mwingine tuna neema ya Mzima, chemchemi za maji yaliyochujwa na mawe ya milima ya Chyulu, yanayoletwa Mombasa kwa bomba tangu miaka ya 1950.

Sasa tuteremke pwani, maana mto huishia baharini. Bahari ni kubwa, na sumu ikiingia huenea ikawa nyembamba hata vyombo vikashindwa kuiona. Hapa kiumbe humshinda mpimaji. Chaza na kome huchuja maji mchana na usiku, na risasi, zebaki na kadhalika hubaki katika nyama yao mpaka zikawa nyingi kuliko zilivyo katika maji. Mtaalamu wa Kimarekani Edward Goldberg alishauri mwaka 1975 kwamba pwani zote zilindwe kwa kuwapima hao, na mwaka 1986 serikali ya Marekani ikaianza kazi hiyo. Na kwa nini iwe habari ya wataalamu tu? Wachukuao chaza katika mizizi ya mikoko ya hori linaloingia maji ya vyoo wajue kwamba wanakula kichujio pamoja na takataka zake.

Kisa kimoja chafaa kielezwe kwa urefu, kwani sisi ni watu wa vyombo. Mabaharia wote hujua adha ya viumbe wanaoshika chini ya chombo. Katika miaka ya 1960 ilitoka rangi mpya yenye dawa iliyotengenezwa kwa bati, ikawaua wadudu hao vizuri kuliko kila rangi iliyotangulia, na watu wakaishangilia. Mwaka 1970 mtaalamu mmoja huko Plymouth, Uingereza, akaona jambo la ajabu kwa konokono wa mawe ya pwani: majike walikuwa wameota kiungo cha kiume. Haikujulikana kwa nini. Miaka michache baadaye wafugaji wa chaza wa Arcachon, Ufaransa, wakaona magamba ya chaza wao yananenepa na kuharibika, na watoto wa chaza hawapatikani, na riziki ya watu wengi ikasimama. Uchunguzi ukaishia kwenye ile rangi. Kiasi cha dawa kilichomgeuza konokono kilikuwa kama nanogramu 1 kwa lita, yaani sehemu moja katika milioni mara milioni. Jicho halioni hilo, ulimi hauonji, na maabara nyingi za siku hizo zisingelipata. Konokono alilipata. Ufaransa ikaizuia rangi hiyo kwa vyombo vidogo mwaka 1982, na mkataba wa mataifa wa kuikataza kwa meli zote uliandikwa 2001 ukaanza nguvu 2008. Angalia miaka iliyopita tangu konokono kusema mpaka watu kusikia.

Katika pwani zetu iko dalili ambayo haihitaji chombo. Mahali panapomwagika maji ya vyoo baharini, mwani wa kijani, mwembamba kama karatasi, humea kwa wingi ukafunika mawe, kwa sababu kinyesi ni mbolea kwake. Mvuvi hulijua jambo hilo, ila hakuulizwa. Na anayetaka kujua kama maji ya hori yanazidi kuwa na matope mwaka hadi mwaka, afanye kama alivyofanya padri wa Kitaliano Angelo Secchi mwaka 1865: ateremshe sahani nyeupe kwa kamba, aandike ni urefu gani ilipopotea machoni, na arudie mahali pale pale kila mwezi.

Turudi kwenye kisima cha uani, ambako ndiko khatari iliko kubwa. Wanazuoni wetu wa zamani waliweka harimu ya kisima, yaani ardhi inayokizunguka ambayo mwingine hana ruhusa kuchimba wala kuingilia, na Mahanafi waliitaja kuwa dhiraa 40, ambazo ni mita 20 hivi. Wataalamu wa leo husema choo cha shimo kiwe mbali na kisima si chini ya mita 30, na chini ya shimo kusifike karibu ya maji, bali pabaki mita moja na nusu kavu. Ajabu ni kwamba hisabu hizi mbili hazikukaa mbali mbali. Lakini katika mitaa yetu ya kale nyumba nzima haina mita 30, kisima kiko uani na shimo la choo liko nyuma ya ukuta, na shimo la jirani liko ubavuni. Tena Mombasa imekaa juu ya jiwe la matumbawe. Mchanga huchuja, na mchanga wa Shela ndio unaowapa watu wa Lamu maji yao matamu. Jiwe la matumbawe lina nyufa na mapango, na maji hupita ndani yake kama yapitavyo katika bomba. Hapo hata mita 30 si dhamana, na kupima hakuna budi.

Kipimo kimoja chaweza kufanywa na vijana wa darsa yetu wenyewe. Kilitolewa India mwaka 1982: chupa ndogo iliyotiwa karatasi yenye dawa, ikajazwa maji ya kisima na kuachwa siku moja mpaka mbili katika joto la chumba, na joto la kwetu latosha. Ikigeuka nyeusi, ni dalili kwamba uchafu wa matumbo umeingia. Ila kisima kilichochimbwa karibu na mikoko, ambacho maji yake yana harufu ya yai viza, kitaigeuza chupa kwa sababu ya udongo wenyewe. Hicho kipelekewe kipimo cha koli. Ipimwe mara ya kwanza wakati wa kiangazi, na mara ya pili baada ya mvua kubwa ya kwanza ya masika, kwani mvua huinua maji ya chini yakafika kwenye mashimo ya vyoo. Kisima kilichofaulu kiangazi mara nyingi huanguka masika.

Iko na chumvi iitwayo naitreti, ambayo nayo hutoka katika vyoo, na hiyo hupimwa maabara. Kikomo chake ni miligramu 50 kwa lita. Ikizidi hapo humdhuru mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya unga, hata akageuka rangi ya buluu kwa kukosa hewa katika damu. Na hii haiondoki kwa kuchemsha. Ukichemsha, maji hupunguka na chumvi hubaki, ikawa kali zaidi. Mama mwenye mtoto mchanga katika mtaa wa vyoo vya mashimo asimkorogee kwa maji ya kisima mpaka kipimo hicho kijulikane.

Limebaki swali tuliloulizwa na wasimamizi wa msikiti: kisima kikionekana na koli, watu wazuiwe kutawadhia? Kwa misingi ya madhehebu yetu, kisima ambacho maji yake yamefika kullatayni na hayakugeuka rangi, wala ladha, wala harufu, udhu wake ni sahihi, na aliyesali kwa udhu huo hana la kurudia. Lakini kusukutua ni sunna tunayoipenda, na maji hupita koo bila ya kukusudia, na watoto wa chuo hunywa pale pale bombani. Kwa hiyo maji ya tangi la msikiti yatiwe klorini kwa kipimo cha afisa wa afya, kiasi ambacho baada ya nusu saa ibaki nusu ya miligramu kwa kila lita, na harufu hiyo hafifu ya dawa haimzuii mtu kutawadha. Maji ya kunywa yawekwe mbali katika mtungi wake wenye kifuniko, yawe yaliyochemshwa mpaka yakatokota, na kata yake isitiwe katika ndoo ya udhu.